Wauguzi wawili waliokosekana: kisa cha wodi ya vitanda 30 Ilala

Hospitali ni ya binafsi, iko Ilala, na wodi tunayoizungumzia ni ya watu wazima wenye magonjwa ya ndani. Ina vitanda 30, na kwa wastani wagonjwa 24 hulala humo kila usiku. Wauguzi wanaozunguka zamu ni 11, msimamizi wa wodi huingia mchana tu, na wahudumu wa afya ni 4. Mkurugenzi ana malalamiko mawili mezani. La kwanza limetoka kwa mhasibu: malipo ya ovataimu ya wodi hii yamevuka shilingi milioni 19 kwa mwaka. La pili limetoka kwa metroni, mkuu wa wauguzi wa hospitali: wauguzi hawatoshi. Mhasibu anaamini metroni anapanga zamu ovyo, metroni anaamini mhasibu hajui kinachoendelea wodini saa nane usiku, na kila mmoja ana karatasi yake ya ushahidi.

Kisa kimejengwa kwa ajili ya kufundishia. Wodi ni ya mfano, na mshahara umechaguliwa ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Masharti ya sheria ya kazi na taratibu za uuguzi ndiyo yaliyopo nchini. Anayesimamia wodi yake aondoe namba zetu aweke zake.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Mhasibu na metroni wanalalamikia kitu kimoja. Uhaba wa wauguzi na gharama ya ovataimu ni saa zilezile, ila zimeandikwa kwenye madaftari mawili ambayo hakuna aliyewahi kuyafungua pamoja.

Hesabu ya saa

Kosa la kwanza katika vikao vya namna hii ni kuanza na idadi ya watu. "Tuna wauguzi 11 kwa wagonjwa 24, mbona inatosha?" Swali hilo halijibiki, kwa sababu hakuna siku hata moja ambayo wauguzi wote 11 wako wodini. Kinachohesabika ni saa.

Rosta, yaani ratiba ya zamu, ya wodi hii ina zamu tatu. Asubuhi ni kuanzia saa 1:30 hadi saa 8:30 mchana, saa 7, wauguzi 4. Jioni ni kuanzia saa 8:00 mchana hadi saa 2:30 usiku, saa 6 na nusu, wauguzi 3. Usiku ni kuanzia saa 2:00 usiku hadi saa 2:00 asubuhi, saa 12, wauguzi 2. Nusu saa inayopandana kila mwisho wa zamu ni ya kukabidhiana, na isiguswe kwa kisingizio cha kubana matumizi. Ukizidisha na kujumlisha: 28 na 19.5 na 24, jumla saa 71.5 za uuguzi kwa siku. Kwa mwaka ni saa 26,097.5.

Sasa upande wa pili: muuguzi mmoja anatoa saa ngapi kwa mwaka? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Mwaka una wiki 52. Toa wiki 4 za likizo ya mwaka, maana sheria inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo. Toa wiki 1 ya ugonjwa na misiba, kwa mujibu wa daftari la mahudhurio la wodi. Toa wiki 1 ya mafunzo kazini. Toa wiki 1 nyingine ya uzazi: likizo ya uzazi ni siku 84, na kama kila mwaka mmoja kati ya wauguzi 11 anajifungua, siku hizo zikigawanywa kwa wote zinakaribia siku 8 kwa kila mmoja. Zinabaki wiki 45. Wiki 45 kwa saa 45 ni saa 2,025. Sikukuu tumeziacha nje, kwa kuwa hospitali huzilipa mara mbili kwa anayeingia kazini, na gharama hiyo itakuwepo hata wauguzi wakiwa 20.

Gawanya 26,097.5 kwa 2,025. Unapata 12.89, yaani wauguzi 13. Wapo 11. Shirika la Afya Duniani lina njia ya kukokotoa mahitaji ya watumishi kwa kufuata mzigo wa kazi, inayojulikana kwa kifupi chake WISN, na kipimo chake cha mwisho ni uwiano wa waliopo kwa wanaohitajika. Hapa ni 0.85. Chini ya 1 maana yake waliopo wamezidiwa.

Hesabu yetu imeegemea rosta. WISN kamili huanza mbali zaidi, kwenye muda wa kila kazi kwa kila mgonjwa, na kwa hospitali nzima hiyo ndiyo njia bora. Lakini kwa wodi moja yenye ugomvi wa ovataimu, hesabu ya rosta inafanyika mchana mmoja na inatosha kuwakalisha mhasibu na metroni meza moja.

Bei ya pengo

Wauguzi 11 wanatoa saa 22,275. Zinapungua saa 3,822.5 kufikia mahitaji. Wodi haikufungwa hata siku moja, kwa hiyo saa hizo zilifanywa na wale wale 11 kwa malipo ya ziada.

Chukua mshahara wa msingi wa shilingi 585,000 kwa mwezi. Sheria inaelekeza namna ya kuupeleka kwenye saa: gawanya kwa 4.333, kisha kwa saa 45. Ni sawa na kugawanya kwa 195, na jibu ni shilingi 3,000 kwa saa. Saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu, yaani 4,500. Aliyeitwa siku yake ya mapumziko ya wiki hulipwa mara mbili, yaani 6,000. Katika saa 3,822.5, saa 2,600 zilikuwa za ziada za kawaida na 1,222.5 ziliangukia siku za mapumziko. Ya kwanza ni shilingi 11,700,000, ya pili 7,335,000, jumla 19,035,000. Hiyo ndiyo namba iliyomkasirisha mhasibu.

Wauguzi wawili wa kudumu kwa mshahara huohuo ni shilingi 14,040,000 kwa mwaka. Tofauti ni 4,995,000. Mchango wa mwajiri NSSF na tozo nyingine tumeziacha pande zote mbili, kwa sababu zinapanda pia malipo ya ziada yanapopanda. Mhasibu ataongeza sare, bima ya mtumishi na gharama za kutangaza nafasi. Akiba si kubwa, na ni vizuri ijulikane hivyo tangu mwanzo. Anayemwahidi mkurugenzi kuwa kuajiri kutaokoa nusu ya bajeti ataumbuka mwezi wa tatu.

Kilichopendekezwa kwanza

Pendekezo la kwanza la utawala lilikuwa waraka wa mistari mitatu: hakuna ovataimu bila kibali cha mkurugenzi. Waraka kama huu unaandikika kwa dakika tano, ndiyo maana hospitali nyingi huanzia hapo. Tuuangalie kwa hesabu ileile. Saa 22,275 zikigawanywa kwa siku 365 ni saa 61 kwa siku. Rosta inataka 71.5. Waraka umeondoa saa 10.5 kila siku, karibu sawa na muuguzi mmoja wa usiku.

Na kweli anayeondoka huwa ni wa usiku, kwa sababu usiku hakuna raundi ya madaktari, hakuna ndugu wa wagonjwa, na hakuna bosi anayeshuhudia. Anabaki muuguzi mmoja na wagonjwa 24.

Chukua usiku wa namna hiyo, saa 3. Wagonjwa 14 wana antibayotiki ya mshipani. Ceftriaxone gramu 1 inasukumwa taratibu kwa dakika 2 hadi 4. Ongeza kusoma chati, kumtambua mgonjwa, kuchanganya dawa, kuangalia kama kanula, ule mrija mdogo wa mshipani, bado inapitisha, kisha kutia saini, na inakuwa dakika 10 kwa kila mgonjwa. Dakika 140. Wauguzi wawili wanamaliza kwa saa moja na dakika 10, mmoja anamaliza saa 5:20. Katikati ya mzunguko huo chupa ya damu ya kitanda namba 9 inafika. Damu inatakiwa kuhakikiwa na watu wawili kando ya kitanda, kisha muuguzi asiondoke kwa mgonjwa kwa dakika 15 za mwanzo, maana hapo ndipo madhara makubwa ya damu isiyolingana hujitokeza. Wa pili wa kuhakiki ni nani? Ataitwa daktari wa zamu kutoka mapokezi ya dharura. Na katika zile dakika 15, kitanda namba 22 dripu imekwisha, damu imerudi kwenye mrija na kanula imeziba. Itatolewa, itawekwa nyingine, na mgonjwa mwenye mishipa migumu atachomwa mara tatu. Asubuhi chati ya dawa ina nafasi tupu mbili zisizo na saini. Dawa ilitolewa, ila mkono wa kuandika haukupatikana. Mfuko wa bima ukihakiki madai, huduma isiyo na saini hukatwa.

Kwa hiyo fedha ya ovataimu haikuokolewa. Imehamia kwenye kanula, kwenye siku za kulazwa zilizoongezeka, kwenye madai yaliyokatwa, na gharama nzito zaidi ameibeba mgonjwa. Hili limepimwa kwingine. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake katika hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kuwa kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa kifo ndani ya siku 30 kwa wagonjwa wa upasuaji. Jimbo la Queensland nchini Australia liliweka kisheria mwaka 2016 wagonjwa 4 kwa muuguzi mchana na 7 usiku katika baadhi ya wodi, na tathmini iliyotoka mwaka 2021 ikaona kuwa gharama iliyoepukwa ilizidi mara mbili ya gharama ya wauguzi walioongezwa. Hatupendekezi kunakili uwiano huo Ilala. Hospitali zile zina watumishi wengine wengi wanaomzunguka muuguzi, na kumlinganisha muuguzi wa hapa na wa kule bila kuwahesabu hao ni kujidanganya. Mwelekeo wa matokeo ndio wa kushika.

Rosta yenyewe ina makosa

Metroni naye ana ya kwake ya kurekebisha, na hapa mhasibu ana haki ya kuuliza.

Kwanza, zamu ya usiku ya saa 12. Saa za kawaida kwa siku ni 9. Sheria inaruhusu hadi saa 12 kwa siku, muda wa chakula ukiwa ndani, bila malipo ya ziada, ila kwa makubaliano ya maandishi, kwa siku zisizozidi 5 kwa wiki na saa za kawaida zisizozidi 45. Wodi haina makubaliano hayo. Ina mazoea. Saa 3 kila usiku, wauguzi 2, siku 365, ni saa 2,190 kwa mwaka ambazo mfanyakazi yeyote anaweza kuzidai. Dawa yake ni karatasi ya ukurasa mmoja yenye saini za pande mbili, na tawi la chama cha wafanyakazi lishirikishwe. Hata baada ya kusaini, usiku 4 katika wiki moja ni saa 48, yaani saa 3 za ziada. Panga usiku 3 na asubuhi 1: saa 43.

Pili, jioni kisha asubuhi. Zamu ya jioni inaisha saa 2:30 usiku na ya asubuhi inaanza saa 1:30. Katikati kuna saa 11. Sheria inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Na ukiacha sheria, mfikirie muuguzi anayeishi Chanika. Amekabidhi wodi saa 2:30, daftari la dawa za kulevya halikulingana akabaki dakika 20 kuhesabu upya ampuli za pethidine, dawa kali ya maumivu, amepata daladala saa 3 na robo, amebadilisha gari Gongo la Mboto, amefika nyumbani saa tano. Saa kumi na nusu alfajiri yuko barabarani tena. Huyo ndiye anayepima dozi ya insulini asubuhi. Mzunguko ukienda mbele, asubuhi, kisha jioni, kisha usiku, kisha mapumziko, tatizo hili linatoweka bila senti moja.

Tatu, saa za dawa. Dawa za kila baada ya saa 8 zimepangwa saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Ile ya saa 8 mchana inaangukia palepale wauguzi wanapokabidhiana. Dozi nyingi zinazochelewa katika wodi ya aina hii hazina siri nyingine. Kila zamu inaamini ni ya mwenzake. Ile ya saa 12 asubuhi inagongana na kuchukua damu za maabara na kuosha wagonjwa. Sogeza ziwe saa 11 alfajiri, saa 7 mchana na saa 3 usiku. Daktari na mfamasia wakubali kwanza, na siku ya mabadiliko mfamasia apitie chati moja moja, kwa sababu dozi ya kwanza itakuja baada ya saa 7 badala ya 8, na si kila dawa inavumilia.

Nne, likizo. Hapa kuna hesabu tamu. Wauguzi 13, kila mmoja wiki 4, ni wiki 52 kamili. Maana yake mwaka mzima kuna muuguzi mmoja likizoni, isiwepo wiki ambayo wawili wametoka pamoja wala wiki ambayo hakuna aliyetoka. Kila mtu anataka Desemba. Ipigwe kura, na aliyepata mwaka huu asiingie kwenye kura ya mwaka ujao. Eid na Krismasi zibadilishane kwa hiari, wauguzi huelewana wenyewe wakiachiwa nafasi mapema. Ratiba ibandikwe Januari.

Wajawazito nao wahesabiwe mapema. Sheria inakataza kazi ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua. Msimamizi anayegundua hilo wiki ya mwisho atalipa ovataimu kwa jambo alilolijua miezi saba.

Miguu ya muuguzi

Kabla ya kuajiri, wodi ipime muda unakwenda wapi. Njia ni rahisi: mtu asiye wa wodi hiyo anakaa na karatasi, kila baada ya dakika 10 anaandika kila muuguzi anafanya nini. Siku 7, zikiwemo Jumapili na usiku. Wauguzi waelezwe kwamba inapimwa kazi, si wao, la sivyo wote watakuwa kando ya vitanda wiki nzima na karatasi itadanganya.

Katika kisa chetu, kati ya saa 71.5 za siku, saa 14 zilikuwa za kutumwa: 5 kufuata dawa famasi, 4 kwa keshia na fomu za bima, 3 kufuata majibu ya maabara, 2 kutafuta vifaa, hasa rigileta ya oksijeni iliyoazimwa na wodi ya jirani. Muuguzi mwenye stashahada na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga amesimama dirishani kwa keshia akisubiri mhuri. Hatujui matumizi mabaya zaidi ya mshahara kuliko hayo.

Kinachofaa ni karani wa wodi wa mchana, na famasi kuleta dawa wodini mara mbili kwa siku kwa orodha badala ya muuguzi kuzifuata moja moja. Mhudumu wa afya apewe sampuli, majibu na vifaa, lakini asipewe dawa. Shinikizo la kumpa mhudumu trei ya dawa "kwa leo tu" hutokea kila wodi inapozidiwa, na msimamizi anayekubali mara moja hatafanikiwa kuizuia mara ya pili. Saa zitakazookolewa zirudi kitandani kwa mgonjwa. Utawala ukizitumia kama sababu ya kutoajiri, wodi itarudi pale ilipokuwa, kwa kuwa wagonjwa 12 kwa muuguzi mmoja usiku ni wengi hata muuguzi huyo asipotumwa popote.

Wanne wanaoishi kwa ovataimu

Hapa ndipo mipango mingi mizuri hufia, na ndiyo sehemu inayostahili muda kuliko nyingine zote.

Saa za ziada hazikugawanyika sawa. Theluthi mbili, karibu saa 2,548, zilifanywa na wauguzi wanne. Ni saa 637 kwa kila mmoja kwa mwaka, au saa 49 katika kila wiki nne. Ukomo wa sheria ni saa 50. Kwa wastani wako chini ya mstari kwa saa moja tu, kwa hiyo mwezi wowote ambao wenzao wako likizoni wanauvuka.

Sasa geuza upande. Saa 637 kwa shilingi 4,500 ni 2,866,500, yaani 238,875 kwa mwezi, na hapo hatujahesabu siku za mapumziko zilizolipwa mara mbili. Kwa mtu mwenye mshahara wa 585,000 hiyo ni karibu asilimia 41 juu yake. Fedha hiyo ina kazi: kodi ya nyumba ya miezi sita, marejesho ya VICOBA, ada ya mtoto wa kidato cha kwanza. Ajiri wawili wapya tarehe moja na ukate saa hizo tarehe hiyohiyo, na wanne hawa watafanya kinachoeleweka. Watatafuta pati, yaani kazi ya muda, kwenye hospitali nyingine, watamaliza zamu ya mchana kule na kuja kwako usiku wakiwa wamechoka. Mzigo utakuwa uleule, ila sasa huuoni.

Kwa hiyo ikatwe kwa hatua, na waambiwe kabla. Mzunguko wa kwanza wa wiki nne hakuna kinachobadilika, kwa sababu ndio wa kuwafundisha wapya. Muuguzi mgeni asihesabiwe kwenye rosta wiki zake 4 za mwanzo. Mzunguko wa pili ukomo uwe saa 35 kwa kila mmoja, wa tatu saa 20, kisha iwe kwa dharura tu. Sambamba, kiongozi wa kila zamu alipwe posho ya shilingi 2,000 kwa zamu, kwa kuwa kazi hiyo ipo na hadi sasa inafanywa bure. Zamu 3 kwa siku 365 ni shilingi 2,190,000 kwa mwaka. Wanne hawa ndio wazoefu, kwa hiyo sehemu kubwa ya posho hiyo itaanza kuwafikia wao. Haitaziba pengo lote la mapato yao, na msimamizi asiseme kwamba itaziba.

Bajeti inakaaje? Akiba ilikuwa 4,995,000. Wauguzi 13 wanatoa saa 26,325, zikizidi mahitaji kwa saa 227.5 tu kwa mwaka mzima, kwa hiyo ovataimu haiwezi kuwa sifuri. Tenga saa 400 za dharura: 1,800,000. Toa na posho ya viongozi wa zamu. Inabaki 1,005,000. Karani kwa mshahara wa 400,000 ni 4,800,000 kwa mwaka. Kuna upungufu wa 3,795,000, au 316,250 kwa mwezi, na hicho ndicho kiasi ambacho karani anatakiwa kukirejesha kutoka kwenye madai ya bima yaliyokuwa yakikatwa kwa fomu zisizokamilika. Aajiriwe kwa miezi 6, na mhasibu alinganishe makato ya bima ya kabla na baada. Asipofikia, famasi iendelee kuleta dawa wodini na nafasi ya karani ifungwe.

Wa kuazimwa na wa kuitwa

Wodi jirani zitaazimana wauguzi, hilo halikwepeki. Masharti machache yanazuia madhara. Anayeazimwa apewe wagonjwa waliotulia, asishike funguo za dawa za kulevya, asiazimwe siku mbili mfululizo, na asiye mkunga asipelekwe chumba cha kujifungulia. Wauguzi wa kuitwa kutoka nje leseni zao zihakikiwe kila zinapohuishwa, na kila mmoja awe amefanya zamu mbili za kuijua wodi kabla ya kuitwa usiku. Wa ndani waulizwe kwanza, kama hawajafikia saa 50.

Kipindi cha masika kiwe na mpango wake. Jangwani ikijaa maji na mwendokasi kusimama, wanaotoka Kimara huchelewa wote kwa pamoja, na wa usiku hawawezi kuondoka. Muda wao wa kusubiri ni saa za ziada, uandikwe. Msimamizi apange zamu za asubuhi za Machi hadi Mei kwa kuangalia ramani: asiweke wauguzi wote 4 wanaotegemea barabara moja.

Swali la usiku

Limebaki jambo moja ambalo fedha ya kisa hiki haikufika: muuguzi wa tatu wa usiku. Saa 12 kwa siku 365 ni saa 4,380, sawa na wauguzi 2.16, zaidi ya shilingi milioni 15 kwa mwaka. Kwa maoni yetu wodi ya wagonjwa 24 inamhitaji. Mpaka apatikane, iwepo kanuni ya kumwita wa ziada. Kila siku saa 11 jioni kiongozi wa zamu awapange wagonjwa kwa ngazi: ya 1 anajimudu, ya 2 anasaidiwa kula, kugeuzwa au kwenda chooni, ya 3 anahitaji kuangaliwa kila saa. Wagonjwa wakizidi 26, au wa ngazi ya 3 wakizidi 4, au kukiwa na damu mbili za kutundikwa usiku huo, wa tatu anaitwa kutoka kwenye zile saa 400 bila kusubiri kibali. Anayeamua ni msimamizi wa zamu wa hospitali nzima. Anaandika saa aliyoita, idadi ya wagonjwa wa ngazi ya 3 na jina la aliyekuja, na karatasi hiyo ndiyo inayowekwa mezani kwa mkurugenzi kila Jumatatu saa 3 asubuhi, pamoja na saa za ziada za wiki, dozi zisizo na saini, kanula zilizobadilishwa kabla ya muda na madai ya bima yaliyorudishwa.